Lugalo na Kalenga: Je, Ushindi ni Shahidi wa Haki?



Mtu akaaye Chang'ombe hahitaji kununua tiketi ili ajue nani ameshinda mpira. Jioni ya mchezo mkubwa kelele za uwanjani hupita juu ya mabati ya nyumba zikaingia hata jikoni, na mgonjwa aliye kitandani akajua kwamba bao limefungwa. Kisha umati hutoka barabarani. Waliofungwa hupita kimya wakitazama chini. Waliofunga hupita wakiimba, na ukisikiliza vema utasikia kwamba pamoja na kusema wameshinda, wanasema pia kwamba Mungu ni wao.

Jioni moja ya namna hiyo tulikuwa tumeketi na kijana mmoja anayesomea ualimu papa hapa Chang'ombe, katika chuo kilichokuwa zamani cha walimu, na ambacho tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Yeye ni mzaliwa wa Iringa. Alingoja kelele zipungue, kisha akasema kwa adabu, "Padre, naomba kuuliza. Mwakani nitasimama mbele ya watoto kuwafundisha historia. Nyumbani wazee walituambia kwamba pale Lugalo Mungu aliwasaidia babu zetu, nami naliamini neno hilo. Lakini mtoto akiniuliza, Basi siku ya Kalenga Mungu alikuwa wapi, nimjibu nini?"

Hatukumjibu jioni ile. Tulimwambia kwamba swali lake lastahili kufikiriwa, tukaagana. Leo twalileta katika ukurasa huu, kwa kuwa halimhusu mwalimu mmoja tu, wala kabila moja tu. Lamhusu kila mtu aliyepata kushinda jambo lo lote maishani.

Kwanza tukumbushane habari yenyewe. Mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuitiisha pwani yetu baada ya vita vya Abushiri, nao walitaka sasa kuzishika nchi za bara. Jemadari wao aliitwa Emil von Zelewski, mtu ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo. Jina lake lilikuwa likijulikana tangu mwaka 1888, maana alipokuwa mtumishi wa kampuni ya Kijerumani huko Pangani, dharau yake kwa bendera ya Sultani ilikuwa mojawapo ya cheche zilizowasha vita vile vya Abushiri. Huyo ndiye aliyeondoka Kilwa kwenda kuwaadhibu Wahehe. Alikuwa na maofisa wa Kijerumani, askari Wasudani na Washangaa, wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha. Njiani alichoma vijiji moto. Hakuwaona Wahehe kuwa adui wa kuogopwa, kwani kwa macho yake walikuwa watu wenye mikuki na ngao tu.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, msafara wake mrefu ulikuwa ukipita Lugalo, mashariki ya Iringa, watu wakifuatana mmoja mmoja katika njia nyembamba, na silaha kubwa zikiwa juu ya migongo ya punda. Mtwa Mkwawa alikuwa amemkabidhi ndugu yake Mpangile uongozi wa jeshi. Wahehe walikuwa wamelala vichakani na nyuma ya majabali, maelfu yao, pasipo mtu kukohoa. Ishara ilipotolewa wakainuka wote pamoja. Askari wengi hawakupata hata nafasi ya kufyatua risasi ya pili. Kwa muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa, na pamoja naye Wajerumani wengine tisa, askari wapatao 250, na wapagazi karibu 100. Bunduki kama 300 zikaingia mikononi mwa Wahehe, na mizinga pia. Mabaki ya msafara yalirudi pwani na habari ambayo watu wa Berlin hawakutazamia kuisikia.

Hiyo ndiyo Lugalo. Hadi leo jina hilo linaitwa na kambi kubwa ya jeshi letu hapa Dar es Salaam, ile iliyoitwa Colito wakati wa maasi ya askari ya Januari 1964. Si ajabu kwamba nchi iliyotawaliwa ilipenda kulikumbuka jina la mahali ambapo mtawala alishindwa.

Walakini historia haikuishia Lugalo. Mwaka 1892 wapiganaji wa Mkwawa walikishambulia kituo cha Wajerumani huko Kondoa ya Usagara, wakawaua waliokuwamo. Mkwawa aliitegemea ngome yake ya Kalenga na ukuta wake imara. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele akaja na mizinga, akaubomoa ukuta ule, na mji ukatwaliwa baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba. Mkwawa aliponyoka. Kwa miaka karibu minne aliwindwa porini, vijiji vilivyomficha vikaharibiwa, na watu wake wakafa njaa. Mpangile, yule yule aliyeongoza ushindi wa Lugalo, aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka 1896, na miezi michache baadaye wakamnyonga kwa kumshuku kwamba alikuwa akimsaidia ndugu yake kwa siri. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijiua kwa risasi ili asikamatwe akiwa hai. Adui zake wakamkata kichwa. Fuvu lile lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, nalo halikurudi Uhehe hata Gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Sasa twaliona swali la kijana yule kwa ukamilifu wake. Kama Lugalo ni neno la Mungu, Kalenga ni neno la nani?

Swali hili ni la kale kuliko Lugalo. Zaidi ya miaka 1,800 kabla ya Zelewski, liliwakabili watu wa Yerusalemu, nao walilijibu vibaya, kwa hasara ambayo ulimwengu haujaisahau.

Mwaka 66 baada ya kuzaliwa Kristo, Wayahudi waliasi utawala wa Roma. Walikuwa na sababu. Gessius Florus, aliyewatawala kwa niaba ya Kaisari Nero, alikuwa ametwaa talanta 17 katika hazina ya Hekalu, na watu waliponung'unika aliwaachia askari wake waue sokoni. Basi makuhani vijana wakaacha kutoa sadaka kwa ajili ya Kaisari, na vita vikaanza. Ndipo Cestius Gallus, liwali wa Siria, aliposhuka kutoka Antiokia na lejioni ya 12 pamoja na vikosi vya wafalme wasaidizi, jumla ya watu wapatao 30,000. Njiani naye alichoma miji. Huko Yafa, kwa hesabu ya mwandishi Flavius Josephus, waliuawa watu 8,400. Huko Lida aliukuta mji mtupu, maana wenyeji walikuwa wamekwenda Yerusalemu kwa Sikukuu ya Vibanda. Akawaua 50 aliowaona, akauteketeza mji.

Alifika Yerusalemu, akaingia mtaa wa kaskazini, akaufikia ukuta wa Hekalu. Kisha, kwa sababu ambayo hata Josephus alishindwa kuielewa, akageuka ghafula akarudi. Wayahudi wakamfuata. Katika mteremko mwembamba wa Beth-horoni jeshi lake lilibanwa kama maji katika mfereji, wapanda farasi wasiweze kugeuka, na mishale ikiwanyeshea toka juu pande zote mbili. Usiku Cestius aliwaacha askari 400 kambini waendelee kuitana kama walinzi, ili adui adhani jeshi zima lingaliko, huku yeye akitoroka gizani. Wale 400 waliuawa wote. Josephus anahesabu kwamba Warumi walipoteza zaidi ya watu 5,000, na mitambo yao ya kubomolea kuta ikaachwa njiani. Mwandishi Suetonius anaongeza kwamba walipoteza hata sanamu ya tai, iliyokuwa heshima kuu ya lejioni.

Fikirini, wasomaji, jinsi Yerusalemu ulivyoipokea habari hiyo. Beth-horoni haikuwa njia ya kawaida machoni pao. Hapo Yoshua alikuwa amewafukuza Waamori. Hapo hapo Yuda Makabayo, akiwa na watu wachache wenye njaa, alikuwa amelivunja jeshi la Seroni. Mtu aliyeyajua Maandiko, na kuyaona majeshi ya Kaisari yakikimbia katika mteremko ule ule, angewezaje kufikiri jambo jingine ila kwamba Mungu amesema kwa mara ya tatu?

Hata hivyo hakuna aliyeuliza kwa makini yale yaliyotendwa ndani ya mji kabla ya ushindi. Kikosi cha Warumi kilichokuwa Yerusalemu, chini ya Metilius, kilikuwa kimejisalimisha kwa kuahidiwa uhai kwa kiapo. Walipokwisha kuweka silaha chini waliuawa, tena siku ya Sabato. Metilius peke yake alisazwa. Waliovunja kiapo hicho walikuwa watu wenye madai ya haki juu ya Roma. Basi Beth-horoni ilipokuja, ilikuwa kama imeifuta damu ile. Ushindi una tabia hiyo: huwaondolea watu kumbukumbu ya dhambi zao, wakadhani wamesamehewa, kumbe hawajatubu.

Tena gharama ya ushindi ule haikulipwa na washindi peke yao. Watu wa Dameski waliposikia kwamba Warumi wameshindwa, waliwageukia Wayahudi waliokuwa majirani zao wakawaua kwa maelfu. Wazee wengi wa Yerusalemu walioitambua hatari waliuhama mji, na sauti zao za kushauri amani zikaondoka nao. Waliobaki waligawana mateka na vyeo. Mwaka 67 Nero akamtuma Vespasianus na jeshi kubwa kupita la kwanza. Wakati adui akijongea, viongozi wa mji, Eleazari, Yohane wa Giskala na Simoni mwana wa Giora, walipigana wao kwa wao, wakaziteketeza hata ghala za nafaka ambazo zingewalisha watu wakati wa kuzingirwa. Mwaka 70 Titus, mwana wa Vespasianus, aliuzingira mji. Wakati wa kiangazi Hekalu likateketea. Na miongoni mwa majeshi yaliyouzunguka mji ilikuwako lejioni ya 12, ile ile iliyoaibishwa Beth-horoni, imerudi kulipa kisasi.

Yatupasa kusema hapa kwamba Josephus si shahidi asiye na upande. Alikuwa jemadari wa Wayahudi huko Galilaya baada ya Beth-horoni, akajisalimisha kwa Warumi, na akaviandika vitabu vyake akilindwa na nyumba ya Vespasianus. Alikuwa na sababu ya kuwalaumu waasi kuliko watawala. Lakini mambo makuu ya habari hii, yaani ushindi wa ajabu na maangamizi yaliyofuata, hayana shaka.

Basi tuyaweke mambo haya mawili pamoja, ila tusiyachanganye. Yerusalemu si Kalenga. Wahehe hawakuanza kwa kuasi mtawala. Walivamiwa katika nchi yao na mtu aliyetoka mbali akiwa na moto mkononi. Wala hatutaki mtu yeyote afunge gazeti hili akisema kwamba tumemhukumu Mkwawa kwa kuilinda nchi yake. Dhambi ya kwanza ya vita ile ilikuwa ya yule aliyekuja, na hatia ya vijiji vilivyochomwa ni ya aliyevichoma. Lakini katika jambo moja miji hii miwili yafanana: ushindi ulikuja kwanza, na ushindi huo haukuokoa.

Kwa hiyo jibu la kwanza tutakalompa mwalimu wetu ni hili. Madai ya Wahehe hayakuwa ya haki kwa sababu walishinda Lugalo. Yalikuwa ya haki siku iliyotangulia, walipokuwa hawajashinda lo lote, na yaliendelea kuwa ya haki siku ukuta wa Kalenga ulipobomoka. Haki haikui kwa bao wala haipungui kwa kufungwa. Anayemfundisha mtoto kwamba Lugalo ilithibitisha haki yetu, anamfundisha pia, bila kujua, kwamba Kalenga ilithibitisha haki ya Wajerumani. Hawezi kushika mshipi wa kwanza akaukataa wa pili, maana ni kamba moja. Na kwa kweli hivyo ndivyo walivyosema watawala wengi wa zamani: tumeshinda, basi tulistahili kutawala. Mtumwa aliyeamini neno hilo alifungwa mara mbili, mwilini na akilini.

Mkristo hana ruhusa ya kukitumia kipimo hicho, kwa kuwa Bwana wake alikufa msalabani kwa amri ya liwali wa Roma. Kama mshindi ndiye mwenye haki, Pilato alikuwa na haki siku ile ya Ijumaa.

Lakini kijana yule ni mwerevu, nasi twajua atauliza tena: "Padre, kama ushindi si shahidi, je, hauna maana yo yote? Mtu apigane bila kujali kama atashinda au atashindwa?"

La. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba vita isiyo dhambi yahitaji mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, na nia njema. Walimu waliomfuata waliongeza mengine, na Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 inayataja: kwamba njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, kwamba yawepo matumaini ya kweli ya kufaulu, na kwamba silaha zisilete maovu makubwa kuliko uovu unaoondolewa. Tazameni sharti hilo la matumaini. Wengine hulidhani ni la woga, kana kwamba Kanisa lamwambia mnyonge akubali kuonewa kwa kuwa ni mnyonge. Maana yake si hiyo. Ni ulinzi wa wale ambao hawakuulizwa: mama aliye na mtoto mgongoni, mzee asiyeweza kukimbia, Myahudi wa Dameski auzaye nguo sokoni. Kiongozi anaweza kuutoa uhai wake kwa ajili ya haki hata bila tumaini, na tukamwita shujaa. Uhai wa wengine hakupewa autoe hivyo. Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mfalme aketiye kwanza na kufanya hesabu, kama ataweza na watu 10,000 kumkabili ajaye na watu 20,000.

Hapa ndipo ushindi wa kwanza unapokuwa mtego, kwa kuwa huiharibu hesabu. Kabla ya Beth-horoni, wengi Yerusalemu walijua kwamba Roma ni kubwa kuliko wao. Baada ya Beth-horoni, kulisema jambo hilo kulikuwa usaliti. Ukweli wenyewe haukubadilika hata kidogo. Roma ilikuwa kubwa vile vile, tena sasa ilikuwa na hasira. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa tena na mtu wa kuusema.

Je, ingalikuwako njia nyingine kwa Mkwawa baada ya Lugalo? Hatuthubutu kusema kwamba Wajerumani wangalimwacha. Dola iliyoaibishwa haisahau, na pengine lo lote ambalo angalifanya, mizinga ingalikuja. Wako watu wanaokabiliwa na njia mbili tu, na zote mbili ni za machozi. Kwao hao, sisi tuliokaa kivulini baada ya zaidi ya miaka 120 tuwe wapole wa kuhukumu. Lakini liko jambo moja dogo katika habari ya Lugalo ambalo halikutuacha tangu tulipolisikia. Inasimuliwa kwamba Wahehe wengi mno walikufa katika ushindi ule, hata Mkwawa akakataza watu wasiomboleze.

Twaielewa sababu yake. Mtawala hakutaka adui ajue hasara yake, wala hakutaka mioyo ya watu ilegee. Kwa akili za vita lilikuwa agizo la busara. Na hata hivyo, wasomaji, mfikirieni mama mmoja katika kijiji kimoja cha Uhehe mwezi ule wa Agosti. Jirani wanashangilia. Bunduki za Wazungu zinaonyeshwa kwa watoto. Naye mwanawe hakurudi, na amekatazwa kulia. Yeye peke yake katika kijiji kile ndiye aliyeijua bei ya Lugalo, nalo ndilo neno alilozuiwa kulisema.

Mahali ambapo waliofiwa hawaruhusiwi kulia, hesabu ya ushindi haijafanywa. Na ushindi usiofanyiwa hesabu haumfundishi mtu. Mwinjili Luka ametuandikia kwamba Bwana wetu alipoukaribia Yerusalemu, huku watu wakimshangilia kwa sauti kuu, aliutazama mji akaulilia. Waliokuwa naye walikuwa wakisherehekea. Yeye alilia, kwa kuwa aliona siku ambazo adui watauzunguka. Kama Mwana wa Mungu aliona vema kulia katikati ya shangwe, hapana mshindi aliye mkubwa mno hata machozi yamvunjie heshima.

Wala tusidhani kwamba kushindwa hufundisha zaidi. Roma ilishindwa Beth-horoni, na ilichojifunza ni kurudi na majeshi mengi zaidi. Ujerumani ilishindwa Lugalo, na ilichojifunza ni kuleta mizinga mingi zaidi. Hakuna habari kwamba Roma ilikaa ikauliza kama wale watu 50 wa Lida walistahili kuuawa, wala kwamba Berlin iliomboleza vijiji alivyovichoma Nyundo. Ushindi na kushindwa ni bubu wote wawili. Dhamiri ndiyo inayosema, na dhamiri yahitaji kimya kidogo ili isikike.

Pengine msomaji atasema, "Mimi si mtwa wala liwali, mambo ya majeshi yananihusu nini?" Tutamjibu kwa mambo ya mtaani kwetu. Ndugu wawili hapa jijini wanagombea kiwanja alichoacha baba yao. Kesi inakwenda miaka, na mmoja anashinda. Anarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri, anaita marafiki, soda zinafunguliwa. Pengine haki ilikuwa yake kweli. Lakini je, amehesabu? Je, amekumbuka kwamba watoto wa ndugu yake ndio watakaombeba mzee siku ya maziko yake, na kwamba tangu leo hawatamwamkia? Mume anamshinda mkewe kwa maneno mbele ya watoto, mke ananyamaza, na mume anaudhani ukimya ule ni amani. Chama kinashinda uchaguzi, na kesho yake mwanachama anayetaja kosa lililofanyika wakati wa kampeni anaitwa msaliti. Hizi zote ni Beth-horoni ndogo. Ndani ya kila moja yumo mtu aliyekatazwa kulia.

Basi mshindi afanye nini? Twaona mambo matatu yaliyo wazi. Kwanza awalilie wafu, walio wake na wa upande wa pili. Wapagazi waliokufa Lugalo na mizigo mabegani walikuwa Waafrika, wana wa mama zao, nao pia hawaimbwi. Pili, akishike kiapo alichomwapia aliyeshindwa, hata kama sasa ana nguvu za kukivunja, kwa maana hapo ndipo haki yake inapojulikana kama ilikuwa haki au ilikuwa hasira tu. Tatu, autumie muda alioupata. Wahehe walipata miaka mitatu kati ya Lugalo na Kalenga, na Wayahudi waliupata muda usiotimia minne kati ya Beth-horoni na Titus. Ushindi ni muda wa kukopeshwa. Katika muda huo milango ya shauri iwe wazi, na mzee mwenye neno chungu aitwe mbele, asifukuzwe mjini.

Wiki iliyofuata kijana yule alirudi. Tulimweleza haya tuliyoyaandika, naye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Basi Padre, siwezi kufundisha Lugalo peke yake." Tukamwambia asiache kuifundisha. Watoto wajue kwamba tarehe 17 Agosti 1891 watu wa nchi hii walimzuia mvamizi mwenye mizinga, na wajivunie ujasiri ule bila haya. Kisha, katika somo lile lile, kabla kengele haijalia, awafundishe Kalenga na Mlambalasi, awaeleze habari ya agizo la kutoomboleza, na awaulize kila mmoja angefanya nini kama angekuwa mama yule. Mtoto akiuliza Mungu alikuwa upande gani, amjibu kwamba Mungu hahesabiwi pamoja na bunduki 300 zilizotekwa, na kwamba alikuwa karibu na mama yule kuliko alivyokuwa karibu na shangwe.

Aliagana nasi akaenda kituoni. Jioni ile hapakuwa na mchezo uwanjani, na Chang'ombe ilikuwa tulivu.